Mwacheni Mtoto Asome Serikali

Wazazi wenzangu, mmenisikia nikilisema hili mara nyingi na leo nalirudia. Mtoto akileta fomu ya kozi ya AP (Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) ya serikali na siasa za Marekani, mtilieni saini. Msimrudishe kwenye kemia peke yake.

Najua mtaniambia, "Siasa ndizo zilizotukimbiza kwetu, mwanangu awe daktari." Awe daktari! Lakini daktari naye hulipa kodi, hupiga kura, na kuna siku atasimamishwa na polisi barabarani.

Mchukueni Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, huko Florida, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool kwa nia ya kuiba. Hana pesa, akaomba wakili. Jaji akamkatalia, maana sheria ya Florida ilimpa maskini wakili kwenye kesi za adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli, akaandika ombi kwenye karatasi ya gereza, akalituma Mahakama ya Juu ya Marekani. Penseli, jamani! Mwaka 1963 majaji wote 9 wakampa haki: mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo, jimbo limpe wakili. Kesi ikasikilizwa upya. Safari hii wakili alimbana shahidi mkuu kwa maswali ambayo Gideon peke yake hakuyaweza, na jopo la raia wanaoamua kesi likamwona hana hatia. Shahidi ni yule yule.

Kesi hii ni ya lazima kwenye kozi. Na haitoshi kuikariri, kama tulivyokariri sisi majibu ya mtihani wa uraia. Kwenye mtihani mtoto hupewa kesi nyingine asiyofundishwa, ailinganishe na mojawapo ya zile anazozijua, aseme zinafanana wapi na zinaachana wapi.

Eti mwalimu atawapandikizia watoto chama cha siasa? Insha ya mtihani humtaka mwanafunzi atoe ushahidi, kisha aijibu hoja inayopinga yake. Huyo si wa kupandikizwa kirahisi.

Mengine nayapitia haraka. Mtihani ni Mei, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi hulitambua somo kwa aliyepata 3 au zaidi. Ada hupunguzwa kwa wenye kipato kidogo, ila lazima muulize shuleni. Usajili ni msimu wa vuli, msingoje Machi. Mwenye fomu aje hapa mbele tuijaze.