Anubis Hakuwa Mtoa Roho

Nimelisema hili darasani, nimelisema hata misibani, na leo nalirudia: Anubis, mungu wa Wamisri wa kale, hakuwa mtoa roho. Filamu zimemgeuza dubwana lenye jeshi, na vijana wetu wamemeza hivyo hivyo. Wamisri wa kale hawakumjua huyo. Waliyemjua wao ni mwosha maiti.

Tuanze na magadi. Ndiyo, haya haya ya kulainishia maharage, nimeyanunua sokoni asubuhi. Pitisheni, kila mtu aguse. Weka punje kwenye ncha ya ulimi: ni kama chumvi iliyochanganyika na sabuni, na ulimi unakauka. Wamisri walichimba ya kwao, ya kuhifadhia maiti zisioze, Wadi el-Natrun, bonde lililo magharibi ya delta ya Nile. Maiti ikishatolewa vya ndani, ilifunikwa kwa magadi makavu siku kama 40 mpaka yanyonye maji yote mwilini. Ndipo ikapakwa mafuta na utomvu, ikazongwa sanda za kitani, na kazi nzima ikachukua siku 70. Ubongo waliuvuta kwa ndoana kupitia puani. Ini, mapafu, tumbo na utumbo waliviweka katika mitungi minne. Moyo waliuacha mahali pake, kwa sababu ndio ungekwenda kuulizwa kwenye hukumu ya wafu. Kazi yote hiyo ilikuwa chini ya Anubis. Jina lake mojawapo, Imy-ut, ni la aliyepo mahali pa kuhifadhia maiti, na yeye ndiye, kwa masimulizi yao, aliyemfunga sanda Osiris, mungu wa wafu. Sisi tunasema mwosha huoshwa. Sasa niambieni, mama anayeosha maiti mtaani kwenu, mngekubali achorwe kama jini?

Kuna atakayeuliza: mbona basi kapewa kichwa cha mbweha, mla mizoga? Hapo hapo ndipo penyewe! Makaburi ya mwanzo yalikuwa mashimo mafupi mchangani, ukingoni mwa jangwa, na mbweha walizungukazunguka hapo wakifukua. Wataalamu wengi wanaona kwamba ndiyo maana Wamisri walimkabidhi mbweha ulinzi: aliyeogopwa awe ndiye mlinzi. Na ule weusi wake si wa shetani, msiniletee hilo. Mbweha wa jangwani ana rangi ya mchanga. Weusi ule ni wa tope la Nile linaloleta mavuno, na wa mwili uliokwisha kupakwa utomvu. Kwao ilikuwa rangi ya kuwa hai tena.

Mwingine atasema, lakini si anahukumu wafu? Tazameni mafunjo ya Ani, gombo la Mmisri mmoja lenye picha ya hukumu hiyo, yaliyoko British Museum, London. Moyo wa Ani uko upande mmoja wa mizani, unyoya wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki, upande wa pili. Thoth, mungu wa uandishi, anaandika. Ammit, dubwana mwenye kichwa cha mamba, anasubiri ammeze mwenye makosa. Anubis yuko wapi? Amepiga goti chini ya mizani, mkono kwenye timazi, anahakikisha mizani haimdanganyi marehemu. Fundi muashi yeyote humu anajua mkono ule unafanya nini.

Naona naonyeshwa saa. La Wagiriki kumchanganya na mungu wao Hermes tuliache, halina uzito. Nipeni picha ya mwisho tu.

Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipatikana 1922. Kwenye mlango wa chumba cha hazina alikuwapo Anubis wa mbao, mweusi, amelala juu ya kasha, masikio yana dhahabu, kucha ni za fedha. Alikuwa amevikwa shati la kitani. Waliolifukua kaburi wakasoma maandishi ya wino kwenye shati: mwaka wa 7 wa utawala wa Akhenaten, mfalme aliyemtangulia. Maana yake shati lile lilifumwa miaka mingi kabla ya msiba, likatunzwa, halafu siku ya maziko mtu akalitoa akamfunika nalo mlinzi wa mfalme, kichwa tu kikabaki nje. Shingoni akamvisha shada la maua, yungiyungi za buluu.