Kupiga picha za slaidi za malaria kwa kamera ya hadubini na kuziwekea kipimo kwenye ImageJ

Habari zenu wapendwa, karibuni tena mezani kwangu hapa Tanga. Feni nimeizima, na si kwa ajili ya sauti. Feni inatikisa meza, na kwenye lenzi ya 100 mtikisiko mdogo tu unaharibu picha. Kwa hiyo tutavumilia joto, kazi ni nzuri.

Leo tunapiga picha za slaidi ya damu yenye vimelea vya malaria, tunaziingiza kwenye kompyuta, kisha tunaziwekea mstari wa kipimo, yaani ule mstari mfupi pembeni mwa picha unaoonyesha ukubwa halisi wa vitu. Hicho kipimo ndicho kilichonifanya niwashe kamera leo. Wanafunzi wananitumia picha nzuri sana kwenye simu, rangi safi, vimelea vinaonekana, lakini mstari wa kipimo ni wa uongo. Tutafika huko, msiondoke.

Vifaa, haraka haraka. Hadubini yenye mrija wa tatu juu, hapa. Kamera ya megapikseli 5, inakaa juu ya mrija kupitia adapta ya 0.5, yaani kiungo chenye lenzi kinachopunguza picha kwa nusu. Waya wa USB mpaka kwenye laptopu. Kama hadubini yako ina mirija miwili tu ya macho, toa lenzi moja ya jicho, tumbukiza kamera ya aina ile nyembamba, utapata kazi hiyo hiyo. Programu ni mbili: ile iliyokuja na kamera, ya kupigia picha, na ImageJ ya kupimia. ImageJ ni ya bure, imeandikwa na Wayne Rasband kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani tangu mwaka 1997. Haiombi leseni wala haikukatii baada ya siku 30. Kwa maabara ya wilayani, hiyo ni zawadi.

Slaidi yenyewe ni hii, imetiwa rangi ya Giemsa. Nikiishika hii huwa namkumbuka mwenye jina. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani kati ya mwaka 1895 na 1898, huku huku kwetu, kabla hajarudi kwao na kuitangaza rangi yake mwaka 1904. Zaidi ya miaka mia moja na bado tunaichanganya kila asubuhi...

Subirini kidogo. Naona kamera imeshika lebo ya slaidi. Hii ni slaidi ya kufundishia, haina jina la mtu, lakini naifunika kwa utepe hata hivyo ili mkono uzoee. Jina la mgonjwa lisiingie kwenye picha, wala kwenye jina la faili. Tumia namba ya sampuli basi. Haya, tumefunika.

Kulenga mnajua. Lenzi ya 10 kwanza, tafuta sehemu ambayo chembe nyekundu zimekaa moja moja bila kupandana, kule kwenye mkia wa damu iliyotandazwa nyembamba. Tone la mafuta ya imasheni, yale yanayokaa kati ya slaidi na lenzi. Zungusha lenzi ya 100. Kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, ipandishe karibu na mwisho wa juu. Kutoka hapa ni skrubu ndogo tu, ile kubwa usiiguse tena, utavunja slaidi.

Sasa washa programu ya kamera. Angalieni skrini... ukungu. Kwenye macho yangu picha iko kali kabisa, kwenye skrini ni ukungu mtupu. Msishtuke. Umbali wa kamera na umbali wa jicho lako mara nyingi havilingani. Ukishaanza kupiga picha, jicho lako liwe skrini. Zungusha skrubu ndogo ukitazama skrini, polepole... polepole... hapo. Ona ukingo wa chembe ulivyokata.

Mambo matatu kabla hujabonyeza chochote.

La kwanza, ukubwa wa picha. Kamera yangu inatoa pikseli 2592 kwa 1944. Chagua huo mkubwa na uuache hapo hapo mpaka kazi iishe. Usiuguse. Najua picha ya moja kwa moja inakuwa nzito, inakwamakwama kwenye laptopu ya zamani, na mkono unawasha kupunguza. Ukipunguza, hesabu yote ya kipimo inabadilika. Nitalirudia hili, mnisamehe.

La pili, mwanga. Toa alama ya tiki kwenye mwanga wa kujirekebisha wenyewe. Ukiuacha, kila ukisogeza slaidi kamera inaamua upya, picha moja nyeupe, ya pili ya kijivu, na huwezi kuzilinganisha. Weka kwa mkono, mpaka sehemu tupu isiyo na chembe iwe angavu lakini isipitilize. Kama programu yako inaonyesha namba za rangi ukiweka mshale juu ya picha, mwisho wa mwanga ni 255. Mimi napenda sehemu tupu isome kama 235 hivi. Ikigonga 255 maana yake umeunguza, na kilichoungua hakirudi.

La tatu, rangi nyeupe. Sogeza slaidi mpaka upate sehemu isiyo na damu, kisha bonyeza kitufe cha kusawazisha weupe. Mnaona ule umanjano umeondoka? Hadubini yangu ni ya balbu ya zamani, ukipunguza umeme inazidi kuwa njano. Kwa hiyo usisawazishe halafu ukapunguza balbu. Weka balbu kwanza, sawazisha baadaye. Kwenye Giemsa rangi ndiyo inayokupa jibu: kromatini, yaani kiini cha kimelea, nyekundu, na sitoplazimu, yaani mwili wake, buluu. Ukipiga picha ya njano, buluu inageuka kijani na aliyeko mbali hawezi kukusaidia kusoma.

Sasa turudi kwenye damu. Twende, twende... Kuna kitu. Pale juu kulia, doa jeusi. Nasogeza slaidi, chembe zote zinasogea, doa limebaki pale pale. Basi hilo haliko kwenye slaidi, ni vumbi, ama kwenye kioo cha kamera ama kwenye adapta. Nazungusha kamera kidogo juu ya adapta... doa halijahama kwenye skrini. Liko kwenye kamera yenyewe. Lingezunguka pamoja na picha, lingekuwa chini yake. Naitoa, naipuliza kwa kile kipulizio cha mpira, siyo kwa mdomo, mate yataongeza madoa. Narudisha. Limeondoka. Nimefurahi limetokea mbele yenu, kwa sababu doa kama lile likikaa juu ya chembe nyekundu, mtu aliyechoka ataliandika kuwa kimelea.

Haya, hizi hapa. Ona hii chembe, katikati ya skrini. Pete nyembamba ya buluu, na nukta nyekundu imekaa kama kito kwenye pete ya kidoleni. Jirani yake ina pete mbili ndani ya chembe moja, na hii nyingine pete imejibana ukingoni kabisa. Hizo ni tabia za falsiparumu, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria. Huwa sichoki kuitazama, na nimeitazama miaka mingi.

Mikono nje ya meza. Bonyeza kitufe cha kupiga kwa kipanya. Lori limepita barabarani, mmeona picha ilivyotetemeka? Hiyo naifuta. Tena. Safi. Mimi hupiga tatu kwa kila sehemu, nikigusa skrubu ndogo kidogo sana kati ya moja na nyingine, halafu nachagua kali zaidi baadaye.

Kuhifadhi: chagua TIFF, aina ya faili inayotunza picha bila kutupa kitu. JPEG inabana picha kwa kutupa sehemu ya taarifa, na kila ukiihifadhi upya inatupa tena. JPEG ni ya kutuma kwenye simu. Jina la faili liwe na namba ya sampuli, lenzi, namba ya picha. Mimi naandika S014_100x_01. Ile 100x usiiache. Nasema usiiache.

Na sasa kipimo. Sogeeni karibu.

Hii hapa ni slaidi ya kipimo. Katikati ina mstari wa milimita 1 uliogawanywa sehemu 100, kwa hiyo kila sehemu ni maikromita 10. Iweke kwenye hadubini, mafuta, lenzi ya 100, ile ile uliyopigia damu. Ukubwa wa picha ule ule, 2592 kwa 1944. Adapta ile ile. Piga picha, hifadhi TIFF, fungua kwenye ImageJ.

Kwenye ImageJ chukua kifaa cha mstari mnyoofu, cha tano kutoka kushoto. Sasa tazameni alama zenyewe kwa lenzi hii. Kwa macho ni nyuzi nyembamba, hapa kila alama ni nene kama utepe, ina makumi ya pikseli kwa upana. Kwa hiyo usianzie katikati ya alama moja ukaishia ukingoni mwa nyingine. Anzia ukingo wa kushoto wa alama ya kwanza, ishia ukingo wa kushoto wa alama ya kumi na moja. Ukingo wa kushoto kwa ukingo wa kushoto. Shikilia Shift ili mstari usipinde. Hapo tumevuka nafasi kumi, yaani maikromita 100.

Nenda "Analyze", halafu "Set Scale". Programu imeshahesabu pikseli: 2271. Kwenye "Known distance" andika 100. Kwenye "Unit of length" andika um, yenyewe itaibadilisha kuwa alama ya maikromita. Chini inakuambia: pikseli 22.71 kwa kila maikromita. Namba hiyo iandike kwenye karatasi ya kubandika ubavuni mwa hadubini, pamoja na lenzi na ukubwa wa picha. Yangu ile pale.

Kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "Global". Hapa simamisha video kama unafanya jambo lingine. Ukikitia tiki, kipimo hiki kinapakwa juu ya kila picha utakayoifungua mpaka uzime programu. Kila picha, hata ya lenzi ya 40. Programu haijui ulitumia lenzi gani, wewe ndiye unayejua.

Mimi siku moja nilitia tiki asubuhi nikiwa na picha za lenzi ya 40. Mchana nikafungua za lenzi ya 100, picha 64, nikaziwekea mstari zote, nikazihifadhi juu ya zile za mwanzo. Bango likachapwa. Mwalimu wangu akasimama mbele yake, akaweka kidole kwenye chembe nyekundu moja, akaniuliza chembe ya mtu gani ina maikromita 19. Mstari ulishaingia ndani ya picha, haufutiki. Za mwanzo nilizifunika mwenyewe, na slaidi zilishaoshwa. Kazi ya miezi miwili. Ndiyo maana nawaambia: picha ya mwanzo haiguswi, unafanya kazi kwenye nakala, na "Global" unaitoa kila unapobadilisha lenzi. Toa, weka kipimo cha lenzi mpya, ndipo utie tena.

Swali lake ndilo kinga ninayoitumia hadi leo, na halihitaji kifaa chochote. Chembe nyekundu ya kawaida ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8. Imo kwenye kila slaidi ya damu utakayoipiga. Chora mstari juu ya chembe moja isiyo na kimelea, bonyeza herufi M. Tuone hii... 7.5. Nyingine... 7.2. Hii ya pembeni 7.8. Tuko salama. Ikisoma 19, umeweka kipimo cha 40 kwenye picha ya 100. Ikisoma 3, umefanya kinyume chake. Ikisoma nusu ya 7, nenda kaangalie ukubwa wa picha, huenda programu ya kamera imerudi yenyewe kwenye pikseli 1280 baada ya umeme kukatika. Yangu inafanya hivyo. Kila umeme ukirudi naangalia kwanza hapo.

Sasa mstari. Fungua nakala, "Analyze", "Tools", "Scale Bar". Upana maikromita 10 unatosha kwa lenzi hii, kona ya chini kulia, rangi nyeusi kwa sababu nyuma ni nyeupe. Usiandike "imekuzwa mara 1000" chini ya picha. Ukiitazama kwenye simu au ukiichapa kwenye bango, ukuzaji unabadilika, lakini mstari unakua na kupungua pamoja na picha. Bonyeza. Huo hapo. Pete yetu iko pale, na jicho linaweza kuilinganisha na mstari.

Hifadhi nakala kwa jina jipya, mimi naongeza neno kipimo mwishoni. Folda mbili: moja ya mwanzo, moja ya zilizofanyiwa kazi. Ya mwanzo nakili na kwenye diski ya nje leo hii, siyo kesho.

Mafuta. Karatasi ya lenzi, siyo tishu ya chooni, inakwaruza. Futa lenzi ya 100 kwa mpigo mmoja kwenda upande mmoja, futa na slaidi ya kipimo, irudishe kwenye kasha lake. Kwetu pwani unyevu unaleta ukungu kwenye vioo, kwa hiyo kamera siiachi juu ya mrija usiku. Naitoa, naiweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, naziba mrija kwa kifuniko chake.

Mwenye kamera ya aina nyingine aniandikie pikseli ngapi amepata kwa maikromita 100, pamoja na lenzi na ukubwa wa picha, nitampigia hesabu. Sasa naomba niwashe feni.