Siku Sita za Ruhusa: Mhadhara juu ya Filamu Ballada o soldate

Mabibi na mabwana,

Filamu ninayokusudia kuizungumzia jioni hii ilitoka mwaka 1959 katika Muungano wa Kisovieti chini ya uongozi wa Grigory Chukhrai. Jina lake la Kirusi, Ballada o soldate, maana yake ni Ballada ya Askari. Neno ballada hutaja utungo wa kusimulia, na ulio karibu nao kwetu ni utenzi. Lakini anayeketi kuitazama akitarajia shujaa wa tenzi, anayefyeka maadui safu kwa safu, atatoka na kitu kingine kabisa. Hadithi ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini mapigano ya mstari wa mbele yanamalizika katika dakika za mwanzo. Alyosha Skvortsov, kijana wa miaka 19, anakimbizwa uwanjani na kifaru, picha inapinduka hata ardhi ikawa juu na mbingu chini, kisha anaishika bunduki ya kupigia vifaru iliyoachwa na kuviteketeza vifaru viwili. Jenerali anapompongeza, kijana anakiri kwamba aliogopa. Badala ya nishani anaomba ruhusa akamwone mama yake na kuziba paa la nyumba. Anapewa siku sita: mbili za kwenda, mbili za kukaa nyumbani, mbili za kurudi.

Ningependa tuzitazame siku hizo kama fedha aliyotiwa mkononi, kwa sababu kinachofuata ni hesabu ya jinsi anavyozitumia. Stesheni anakutana na askari aliyekatwa mguu ambaye anaona haya kurudi kwa mkewe. Anakaa naye, na saa zinapita. Ndani ya behewa la mizigo lililojaa nyasi kavu anakutana na msichana aitwaye Shura, na mlinzi wa treni hanyamazi mpaka ahongwe nyama ya kopo. Askari mwingine amemtuma miche miwili ya sabuni kwa mkewe. Leo twaweza kuitabasamia zawadi hiyo, lakini wakati ule sabuni ilikuwa adimu, na walio mstari wa mbele waliitoa katika akiba yao wenyewe. Alyosha anapogundua kwamba mke yule anaishi na mwanamume mwingine, anaichukua tena na kumpelekea baba wa askari, mzee mgonjwa, na kumtungia habari njema za mwanawe. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemwibia muda wake. Kila saa anaitoa mwenyewe, na kila anayoitoa inapunguza zile za mama.

Lakini sisi watazamaji tumekwisha kuambiwa, kabla ya kifaru cha kwanza kuonekana, kwamba kijana huyu amezikwa mbali na kwao, na kwamba mama yake bado anaitazama barabara. Nadhani huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika filamu. Hatukai tukijiuliza kama atapona. Tunabaki kumwona akigawa kitu ambacho yeye anadhani anacho tele, na sisi tunajua kwamba ndicho cha mwisho.

Chukhrai hakuisoma vita vitabuni. Alizaliwa mwaka 1921, alikuwa askari wa miamvuli, alipigana Stalingrad na kujeruhiwa zaidi ya mara moja. Alikuwa amekwisha kuanza kupiga picha na waigizaji wengine alipowaondoa na kuwaweka Vladimir Ivashov kama Alyosha na Zhanna Prokhorenko kama Shura, wanafunzi wasiojulikana, na kwa maoni yangu filamu nzima imesimama juu ya nyuso zile mbili ambazo bado hazijajifunza kuigiza huzuni. Wakati wa Stalin, filamu nyingi za vita ziliwatukuza makamanda waliosimama mbele ya ramani. Baada ya mwaka 1956, kiongozi mpya Khrushchev alipoikosoa enzi ya Stalin, milango ililegea kidogo, na askari wa kawaida akapata nafasi ya kuwa mtu.

Treni ya mwisho inashambuliwa kwa mabomu. Alyosha anafika kijijini ndani ya lori alilolisimamisha njiani, na muda uliobaki ni wa dakika tu. Mama anatoka shambani mbio. Wanakumbatiana barabarani, dereva akiwa anapiga honi, na mama, ambaye angeweza kuuliza habari za vita, anamtazama usoni na kumuuliza kama ameanza kunyoa ndevu, na kama amejifunza kuvuta sigara. Paa halijagusika.