Arado Ar 234 kwenye simuleta: mkono wa mafuta usiwe na haraka

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tuna ndege moja tu mezani: Arado Ar 234 B-2 ya Ujerumani, ndege ya kwanza ya jeti ya kudondosha mabomu kuingia vitani. Mfano wake wa kwanza uliruka Julai 30, 1943. Kaka Juma, tuanze na injini, maana hapo ndipo wengi wanaotoka kwenye ndege za propela wanapokwama.

JUMA: Wanakwama kwa sababu mkono umezoea kusukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho kwa mara moja. Jumo 004, injini ya jeti ya ndege hii, haitaki hivyo. Ukisukuma ghafla, mafuta yanamwagika ndani kabla kompresa haijaleta hewa ya kutosha, moto unarefuka mpaka kwenye mapanga ya turbini, na mapanga yanaungua. Na chuma chenyewe hakikuwa cha kuvumilia: Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli, kwa hiyo vyumba vya kuchomea mafuta vilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini.

MWANAIDI: Kwa hiyo tuseme hatua zenyewe.

JUMA: Kwenye pua ya kila injini kuna kiinjini cha petroli cha Riedel, silinda mbili, kinanguruma kama pikipiki. Hicho ndicho kinachoizungusha ile kubwa. Ikifika kama mizunguko 800 kwa dakika unafungua petroli na cheche. Kwenye 2,000 hivi Riedel inaachia, unaingiza mafuta ya J2, ambayo yanakaribiana na dizeli, kisha unaacha itulie kwenye 3,000. Ikitulia ndiyo unakwenda ya pili. Usiwashe mbili kwa pamoja kama bado unajifunza, macho hayatoshi.

MWANAIDI: Kutoka 3,000 mpaka 6,000 ndiyo sehemu ya hatari. Hesabu polepole mpaka kumi na tano huku ukisukuma, jicho kwenye kipimo cha joto. Ukishapita 6,000 inaitikia vizuri, unaweza kuipeleka 8,700 ya kurukia. Na kama jostiki yako ina wenzo mmoja tu, tafuta namna ya kutenganisha injini mbili, hata kwa vitufe vya kibodi. Moja ikizimika utahitaji kuigusa peke yake.

JUMA: Na kurudisha nyuma ghafla ukiwa juu ni kosa lilelile kwa upande wa pili: moto unazimika. Ukizimikiwa, usihangaike kuwasha kule juu. Shuka chini ya mita 4,000 kwanza, ndipo ujaribu.

MWANAIDI: Kwenye ardhi, gurudumu la mbele halina usukani, unaongoza kwa breki za kushoto na kulia. Magurudumu makuu yamo kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa, kwa hiyo yamekaribiana na ndege inayumba ukikata kona kwa kasi. Mwendo wa mtu anayekimbia unatosha.

JUMA: Halafu roketi za kusaidia kupaa. Mimi nasema anayeanza azitumie.

MWANAIDI: Mimi nakataa. Aanze bila bomu, mafuta nusu, bila roketi. Roketi zinaficha jinsi ndege inavyochelewa kushika kasi.

JUMA: Lakini akipakia bomu la kilo 1,000 na matangi yamejaa, njia fupi ya kurukia haimtoshi. Injini mbili kwa pamoja zinatoa msukumo wa kilo 1,800 hivi. Roketi mbili zinaongeza 1,000, kwa sekunde kama 30, kisha unaziachia zinashuka kwa parachuti zake.

MWANAIDI: Sawa, kwa mzigo huo nakubali. Kwa siku ya kwanza, hapana.

JUMA: Kudondosha mabomu kutoka juu, tutapita haraka. Weka trimu, yaani virekebisho vya mizani ya ndege, mpaka ndege iende yenyewe bila kuguswa, ndipo uwashe otopailoti ya Patin, mtambo unaoishikilia ndege badala ya rubani. Rubani yuko peke yake, kwa hiyo usukani unasukumwa pembeni ili ainame kwenye darubini ya kulengea mabomu ya Lotfe 7K iliyo kati ya miguu yake. Ukiwasha otopailoti trimu ikiwa mbovu, ndege inaruka pua juu, na shabaha imekwisha.

MWANAIDI: Kutua sasa, hapa tukae. Ndege hii inateleza mno angani, haina breki za hewa. Ukikaribia uwanja na kilomita 500 kwa saa ukitegemea itapungua, utaupita. Anza kupunguza mbali, kilomita 15 hivi, ukiwa umenyooka. Shusha magurudumu, kisha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, kwa hatua. Kwenye mstari wa mwisho shika 250, vuka mwanzo wa njia na 200.

JUMA: Na injini?

MWANAIDI: Zisishuke chini ya 6,000 mpaka uwe na uhakika njia ni yako. Wengi wanaona wako juu, wanavuta mafuta mpaka chini, ndege inazama, wanasukuma, na injini hazijibu kwa wakati. Wanaanguka mita 300 kabla ya njia. Ukiwa juu, ongeza flapu au zunguka upya, na uamuzi wa kuzunguka uufanye mapema, magurudumu yakiwa bado mbali na ardhi.

JUMA: Parachuti ya mkiani ya kupunguza mwendo je?

MWANAIDI: Magurudumu makuu yakishagusa na pua ikishashuka, si kabla. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, parachuti inavuta mkia upande upepo unakoelekea na pua inageukia upepo. Mguu uwe tayari kwenye pedali, na ikizidi, iachie hiyo parachuti umalizie kwa breki, kwa kugusagusa.