Kaskazini Haikuchelewa, Iliachwa

Walimu wangu, wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Wengi hudhani kaskazini mwa Kenya ilibaki nyuma kwa sababu ya ukame. Ukame upo, sikatai. Lakini kuna karatasi pia. Waraka wa serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa hoja kwamba huko zingezaa zaidi. Aliyenacho akaongezewa. Mfugaji wa Wajir, ambaye nyama yake inaliwa Nairobi hadi leo, akaambiwa asubiri faida imfikie. Juu ya hapo aliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Si ajabu wazee wa huko, wakisafiri kuja huku, husema wanakwenda Kenya.

Katiba ya 2010 ilikiri deni hilo. Ibara ya 204 ikaunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme. Ilipewa miaka 20. Miaka mingi kati ya hiyo imeliwa na mabishano ya nani azishike fedha, na 2030 hiyo inabisha hodi.

Sasa tusikilize wimbo wa 2020, Seneti ilipokwama kwa wiki kadhaa juu ya mgao wa kaunti: "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja," yaani kaunti yenye watu wengi ipate fedha nyingi. Unavutia masikio. Ila chanjo haijui kura. Inataka nyuzijoto kati ya 2 na 8, iwe Kiambu, jirani na Nairobi, au Mandera huko kaskazini. Kiambu unachomeka friji ukutani. Zahanati iliyo mbali na gridi inunue kwanza sola au gesi, halafu gari la kuifikisha chanjo yenyewe, halafu fundi. Kwa shilingi ileile! Hapo usawa wa hesabu unamnyima mtoto chanjo.

Na msiniambie umeme haupatikani. Karibu na Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Nyaya zake zinasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa huko kusini, zikipita juu ya manyatta zisizo na hata balbu. Seneta wenu aulizwe kuhusu nyaya hizo kabla fomula ya mgao wa kaunti haijarudi mezani.