Dada wa Kibaigwa

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazazi wangu mliokaa huku mbele. Na nyie wadogo zangu mliosimama mlangoni, sogeeni, kuna viti huku pembeni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kushika jambo moja na kudumu nalo katika kazi hii ya kutengeneza maudhui mtandaoni. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa fundi kabla ya kuwa na kamera, kwa hiyo mtanivumilia, mifano yangu mingi itanuka kitambaa.

Mwaka wangu wa kwanza YouTube niliweka kila kitu. Leo nakata gubeli, kesho napika pilau, keshokutwa nimeenda Kariakoo kununua vitenge na njiani nikarekodi foleni ya Mbagala. Niliamini kwamba nikiwa na vitu vingi nitapata watu wengi, kama duka la rejareja. Watu walikuja kweli, wakaangalia kidogo, wakaondoka.

Halafu dada mmoja akaniandikia kutoka Kibaigwa, pale kwenye soko kubwa la mahindi. Ujumbe wake bado ninao: "Dada, zipu ya kujificha inanishinda. Nimeharibu magauni mawili ya watu. Naomba unionyeshe taratibu."

Magauni mawili ya watu! Mafundi mliomo humu mnanielewa. Kitambaa ni cha mteja, ukikiharibu unakilipa, na sherehe ya mwenyewe ni Jumamosi. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaifunga simu kwa kamba kwenye mgongo wa kiti, nikarekodi mikono yangu na zipu, basi. Nilimwambia: piga pasi kwanza meno yafunguke, ndipo ulaze zipu uso kwa uso na kitambaa, mshono wa chini usiufunge mpaka zipu ikae. Nilipofika mahali ambapo najua mkono huteleza, nilisimama nikarudia. Sikusema "habari zenu mashabiki wangu." Nilikuwa naongea na mtu mmoja ambaye cherehani yake iko barazani na mteja anamsubiri.

Video ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Watu waliitazama mpaka mwisho, wakarudi kuitazama tena wakiwa wameshika kitambaa mkononi.

Tangu hapo, kijana akiniambia "dada, nimeshachagua mada yangu, ni mitindo," namuuliza: unaongea na nani? Mitindo ni bahari. Mapishi nayo ni bahari. Kilimo ndiyo usiseme. Anayefuga kuku 50 wa kienyeji uani kwake Mvomero na mwenye banda la kuku 2,000 wa nyama Kibaha wote ni wafugaji, lakini hawaulizi swali moja. Mtafute mmoja wao, umjue, ujue kinachomkosesha usingizi. Kisha ujiulize: akimaliza kunitazama, ataweza kufanya nini ambacho jana kilimshinda? Ukiweza kulijibu hilo kwa sentensi moja, umeshaupata mwelekeo wako. Ukihitaji sentensi nne, bado unatafuta, na si vibaya, endelea kutafuta.

Tazameni Kariakoo. Anayetaka simu au kava la simu anaelekea mtaa wa Aggrey, na anayetaka nguo anaingia Kongo. Haulizi mtu. Miguu inampeleka yenyewe, kwa sababu mtaa umefanya jambo lilelile siku nyingi mpaka limekaa kichwani mwa watu. Nataka mtu akikwama kwenye zipu, kola au kwapa, miguu yake impeleke kwangu namna hiyohiyo.

Sasa niwaeleze kosa langu kubwa, maana hili nimeliona likiwaumiza wengi.

Nilishaanza kwenda vizuri. Ikafungwa harusi moja ya mtu maarufu, na mtandao mzima ukawa unabishana juu ya gauni la bibi harusi. Nami nikajisemea, si ni gauni? Nikatoa video ya maneno matupu juu ya gauni lile na nani kalishona. Kwa siku mbili ilitazamwa kuliko masomo yangu yote ya miezi sita. Waliojiunga walikuwa wengi, simu haikunyamaza, nikafurahi sana.

Wiki iliyofuata nikatoa somo la kuweka kola. Lilitazamwa na watu wachache kuliko nilivyokuwa nikipata kabla ya harusi ile.

Nilijiuliza sana, na ufahamu nilioupata ni huu. Zamani YouTube ilisukuma mbele video kwa idadi ya watu waliobofya. Mwaka 2012 wakabadilisha, wakaanza kupima muda ambao mtu anakaa akitazama. Video yako ikitoka, mfumo unaiweka mbele ya wanaodhaniwa wataipenda, kisha unaangalia: wanabofya? Wakibofya wanakaa? Mimi nilikuwa nimekaribisha nyumbani umati uliokuja kusikia habari za harusi. Nikawapa kola. Hawakubofya, na hawana kosa, kola si shida yao. Lakini ubaridi wao ulisomeka kana kwamba somo lenyewe ni baya. Miezi minne ilipita kabla masomo yangu hayajarudi yalipokuwa.

Nawaomba mlielewe hilo, wadogo zangu, kwa sababu ninyi mnahesabu sana. Mnataka mlango wa kulipwa na YouTube kwa matangazo ufunguke: watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtu akikaa nawe dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Akikaa dakika kumi na mbili kwa sababu unatatua shida yake kweli, mara 20,000 zinatosha. Umati unaopita haukufikishi hapo upesi kama mnavyodhani. Na anayehama kwenda kwenye habari na matukio ajue pia kwamba amehamia kwenye kazi nyingine, yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na dhima zake.

Mfano wa nje. Kevin Systrom wa Marekani alitengeneza programu iliyoitwa Burbn. Humo ulionyesha mahali ulipo, ukapanga kukutana na rafiki, ukaweka picha, vyote humohumo. Yeye na mwenzake Mike Krieger wakachunguza watumiaji wanafanya nini hasa. Wanaweka picha. Wakaondoa karibu kila kitu, wakabaki na picha, maoni na kupenda. Oktoba 2010 wakaitoa kwa jina la Instagram, na Aprili 2012 Facebook ikakubali kuinunua kwa dola bilioni moja. Kinachonigusa pale ni ujasiri wa mtu kukata alichokishona kwa mkono wake mwenyewe.

Na wa kwetu, Kili Paul, kutoka mkoa wa Pwani. Watu wanaona rubega na uzuri wa sura. Mimi naona uvumilivu. Amevaa mavazi yake ya Kimaasai, yuko kwao, anaigiza kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, mara nyingi na dada yake Neema. Video ya kwanza unayoiona, unajua ya pili itakuwaje, na bado unaitaka. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima, na tarehe 27 mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na Neema katika hotuba yake ya redio kwa Wahindi. Wengi wameiga mavazi yale. Ni wachache walioiga kule kurudia.

Naona kijana wa shati la bluu amenyoosha mkono. Sema mdogo wangu... Anauliza, "Dada, ukishika jambo moja si utachoka? Na kama jambo lenyewe likiisha?"

Asante, swali zuri sana. Kuchoka kupo. Kuna wiki nachukia hata sauti ya cherehani. Ninachofanya, nina daftari lenye pande mbili. Upande mmoja naandika maswali ya watu wangu, kwa maneno yao, sibadilishi. Upande wa pili naweka mawazo yangu yote yanayonijia usiku: mapishi, safari, hasira zangu za foleni. Sijinyimi kuwaza. Ila ninachorekodi kinatoka upande wa kwanza. Na wazo la upande wa pili likinisumbua miezi mitatu, naliuliza kama dada wa Kibaigwa linamfaa. Moja lilifaa: namna ya kuhesabu bei ya mshono ili fundi asile hasara. Lile halikuwa somo la kushona, lakini lilikuwa lake kabisa.

Jambo lenyewe kuisha? Mwanangu, nimefundisha zipu peke yake mara tisa, na maswali hayajaisha. Kitambaa kinachoteleza, kitambaa kinachovutika, mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa.

Yule dada aliniandikia tena mwezi uliopita. Safari hii alituma picha: binti yake amevaa gauni jeupe la kipaimara, amegeuka mgongo makusudi, na zipu huioni. Chini ameandika, "Sasa mifuko ya pembeni inanisumbua."

Nimeshakata kitambaa. Narekodi kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali pale dirishani.