Barua Imetokea Mlango Gani?

Mwadila, wazee wangu. Mama zangu wa Mwaloni, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Niliombwa nizungumzie usalama wa mtandao, nikakataa. Hilo ni ziwa zima na mimi nina mtumbwi mdogo. Nitazungumzia barua pepe moja tu.

Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, mradi nisimtaje. Ni mama anayeuza mabondo. Kwa mgeni aliyeingia Mwanza jana: bondo ni kile kibofu cha hewa cha sangara. Kikikaushwa kinasafirishwa hadi Asia, na bei yake inafanya minofu ionekane kama nyongeza. Nyumba yenye mabondo ina pesa, na mtaa mzima unajua.

Asubuhi moja akanipigia: "Fundi, njoo. Usipite dukani, pitia nyuma." Nikamkuta ameiweka simu mezani na kuifunika kwa kanga, utadhani inang'ata. Barua yenyewe mistari mitatu. Asipotoa pesa kabla ya Ijumaa, stoo itawaka na yeye akiwa ndani. Na jina la mtumaji? La marehemu mume wake.

Mama alikuwa anatetemeka kwa sababu ya lile jina kuliko kwa sababu ya moto. Nikamwambia, mama, hilo jina lisikusumbue. Utaratibu wa kutuma barua pepe aliuandika Jon Postel, Agosti 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana. Hakuna aliyefikiria kumdai mwenzake kitambulisho. Jina la mtumaji ni kama lile unaloandika mgongoni mwa bahasha; hata mimi naweza kuandika Mkuu wa Mkoa, na posta wakaifikisha. Siku hizi seva nyingi, yaani zile kompyuta zinazopokea na kupitisha barua, hukagua kama kweli barua imetoka kwenye huduma inayotajwa kwenye anwani. Nafsi ya mtu hazikagui.

Ila bahasha ina mihuri. Kila seva inayopokea barua hugonga muhuri wake juu ya ile iliyotangulia: nimeipokea kutoka kwa fulani, saa fulani. Kwa hiyo mihuri husomwa kutoka chini kwenda juu, ya chini kabisa ndiyo iliyo karibu na mtumaji. Mjanja anaweza kughushi ya chini. Ile iliyogongwa na seva yako mwenyewe hawezi kuigusa, basi unaanza na hiyo unayoiamini, halafu unashuka kwa tahadhari.

Bahati nzuri mama hakuwa ameifuta. Alichokifanya ni kupiga skrinshoti na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu arobaini na kitu. Skrinshoti haina muhuri hata mmoja. Ukiifowadi barua yenyewe nayo, mihuri inayofika kule ni ya safari yako wewe. Tulifungua kompyuta, tukabonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya barua, tukachagua kuiona katika hali yake ya asili, tukaipakua faili nzima bila kugusa herufi.

Mtumaji angetumia Gmail kupitia kivinjari, habari yangu ingeishia hapo. Mihuri ingeanzia kwenye seva za Google, na alikokaa mtumaji wangejua wao, nao wanajibu vyombo vya dola vinavyofuata sheria, hawamjibu fundi wa Igogo. Mtu wetu alitumia huduma ndogo ya bure, ambayo huandika anwani ya IP ya anayetuma, yaani ile namba ya laini ya mtandao aliyotumia. Nikawa na namba mkononi.

Kijana mmoja wa pale nyumbani akainakili namba hiyo, akaiingiza kwenye tovuti ya ramani. Pini ikasimama Dar es Salaam. Ebo! Shemeji si anaishi Dar? Kabla sijamaliza chai, shemeji alikuwa ameshapigiwa simu tatu na kutukanwa mbili. Jamani, pini ile mara nyingi huonyesha kampuni ya mtandao iliposajiliwa, au mitambo yake inapotokea. Mimi nimewahi kujipima nikiwa Igogo, miguu karibu na maji, nikaambiwa niko Dar.

Halafu ikaja saa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu nusura afukuzwe nyumbani. Muhuri ulisema 19:14. Mama akahesabu: saa moja na dakika kumi na nne jioni. Akakumbuka saa moja ile mtoto wa dada yake alikuwa sebuleni amekumbatia simu. Basi, ni yeye! Begi likaanza kutolewa. Nikasema subirini. Baada ya ile 19:14 kuna alama ya kujumlisha na sifuri nne. Maana yake saa hiyo ni ya dunia, haijawekwa saa zetu. Tanzania tunaongeza tatu, inakuwa 22:14, yaani saa nne usiku na dakika kumi na nne. Sisi Waswahili tuna saa mbili kichwani tayari, yetu na ya Kizungu. Hii inakuwa ya tatu. Saa nne usiku yule kijana alikuwa kwenye basi la Musoma, na tiketi anayo.

Na kosa la saa halimuumizi kijana peke yake. Kampuni za simu hazina anwani za kumtosha kila mteja, hivyo wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja kwa wakati mmoja. Laini tumesajili kwa alama za vidole, sawa, lakini ukiiuliza kampuni kwa saa isiyo sahihi, atatajwa mtu mwingine kabisa. Tena wanaouliza ni polisi, siyo wewe wala mimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaruhusu polisi kudai taarifa hizo. Sheria hiyo hiyo, kama ilivyopitishwa, inamtoza mtuma vitisho faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Nayo inamfunga pia fundi anayeingia kwenye akaunti ya mtu "kumsaka". Msinishawishi.

Desemba 2013, kule Marekani, mwanafunzi wa Harvard alituma barua za tishio la bomu ili akwepe mtihani. Alijificha vizuri: barua pepe ya muda, na mtandao wa Tor unaoficha ulikotoka. Lakini alipitia Wi-Fi ya chuo. Wapelelezi hawakuivunja Tor. Waliangalia nani kwenye mtandao wa chuo alikuwa ametumia Tor saa zile, wakamkuta, wakamuuliza, akakiri. Mashine iliwafikisha mlangoni. Aliyefungua kinywa ni mtu.

Sasa namba yetu. Nilikuwa nimeitazama mara tatu nikihisi naifahamu. Nikamwambia mama, unganisha hii kompyuta kwenye Wi-Fi ya hapa nyumbani, tufungue tovuti inayoonyesha mtandao unatuona kwa anwani gani. Nikaona anwani ya IP ya laini yake ya faiba. Nikaziweka pamoja. Tarakimu kwa tarakimu, ile ile.

Barua ilikuwa imetoka humo humo ndani.

Mama hakulia. Alinyanyuka, akafunga mlango wa nyuma niliopitia. Tukaenda kwenye ruta, kutafuta ni kifaa gani kilikuwa hewani saa nne usiku. Ruta ilikuwa ya bei rahisi, kumbukumbu zake hufutika umeme ukikatika, na usiku ule umeme ulikatika mara mbili. Nywila ya Wi-Fi ilikuwa imeandikwa kwa makapeni kwenye kadibodi, juu ya mizani.

Tukapeleka habari polisi, nao wakataka orodha ya kila aliyekuwa na nywila ile. Kuli wawili, karani, dereva, binti wa kazi. Mama akanipa kalamu niandike, maana mkono wake ulikuwa haujatulia. Nilianza na jina langu, kwa kuwa ruta ile niliifunga mimi. Afande akaliangalia, akanigeukia, akaniuliza saa nne usiku nilikuwa wapi.